Nafasi ya Mkaguzi

Fundi Chupa: Haloo? Nani mwenzangu?

Darubini: Mimi.

Fundi Chupa: Mimi nani? Paza sauti, niko chumba cha kuoshea vyombo, mashine ya mvuke inakoroma hapa kuliko mlevi.

Darubini: Mimi, Mjomba. Darubini.

Fundi Chupa: Eh. Darubini! Mbona namba ngeni?

Darubini: Ya mama. Yangu huipokei tangu Jumatano. Nikasema nijaribu ya mama, huenda siku hizi Mjomba anapokea wazee wenzake tu.

Fundi Chupa: Ah, sasa— si hivyo, mwanangu. Kazi zimebana. Hata shikamoo umeninyima.

Darubini: Shikamoo, Mjomba.

Fundi Chupa: Marahaba, mama. Marahaba sana. Nyumbani hawajambo? Bibi mdogo je?

Darubini: Hajambo. Kalala hapa ubavuni. Juzi katimiza miezi mitano, anakaa kwa kuegemezwa mito, ukimwachia anadondokea kushoto. Masikio ndiyo yaleyale.

Fundi Chupa: Ya baba yake!

Darubini: Ya baba yake. Kofia inakaa juujuu kama kifuniko cha sufuria ya jirani.

Fundi Chupa: [anacheka] Masikio ya Matofali yale! Tulikuwa tunamwambia, siku ya upepo usikatize uwanjani, utatuacha. Mungu amlaze pema.

Darubini: Amina.

Fundi Chupa: Amina.

Darubini: Mjomba, nakuja.

Fundi Chupa: Unakuja wapi?

Darubini: Maabara, wapi tena? Jumapili napanda basi na mama na mtoto. Mama atamshika mtoto mchana. Jumatatu saa mbili niko mlangoni. Koti nimelifua, ile alama ya wino imekataa katakata kutoka, lakini nitalivaa hivyohivyo.

Fundi Chupa: Jumatatu hii?

Darubini: Hii. Mbona umeshtuka kama nimesema nakuja na askari?

Fundi Chupa: Sijashtuka. Ni mtandao. Husikii unavyokwaruza? Haloo?

Darubini: Mimi nakusikia vizuri tu.

Fundi Chupa: Basi ni huku kwetu.

Darubini: Mjomba. Jana nilimpigia Profesa kumwambia narudi. Unajua alinijibu nini? "Zungumza na Fundi kwanza." Basi. Profesa yule awezaye kuongea saa nzima juu ya kizibo cha chupa, maneno manne, akakata simu. Tangu jana nayatafuna, hayamezeki. Kuna nini?

Fundi Chupa: Hakuna— ngoja nitoke. Ngoja. [mlango unagongwa, ngurumo inafifia] Haya. Niko ngazi za nyuma. Mama yako yupo hapo karibu?

Darubini: Usinizungushe. Wamekufa?

Fundi Chupa: Nani?

Darubini: Wadudu wa mume wangu! Bakteria wa Matofali. Wamekufa?

Fundi Chupa: Hawajafa.

Darubini: Ooh. Mjomba, umenitoa roho. Unauliza mama yuko wapi, mimi nikajua basi tena—

Fundi Chupa: Hawajafa. Wazima. Wazima kupita kiasi, mwanangu. Tatizo ndilo hilo.

Darubini: Tatizo gani? Si wewe mwenyewe uliyenipigia nikiwa bado wodini, mtoto ana siku mbili, ukaniambia, "Mama, na huku kwetu wanao wamenawiri"? Nililia mpaka nesi akaja kutazama kama mshono umefumuka.

Fundi Chupa: Nakumbuka.

Darubini: Nikamwambia mtoto. Siku mbili duniani, namnong'oneza, kazi ya baba yako iko hai.

Fundi Chupa: Nakumbuka. Usinikumbushe.

Darubini: Kwa nini nisikukumbushe?

Fundi Chupa: Hebu niambie wewe msomi. Wadudu wa Matofali walitakiwa wawe vipi?

Darubini: Sasa unanitahini?

Fundi Chupa: Niambie tu. Nataka nisikie kwako. Mimi mwosha chupa.

Darubini: Walitakiwa wawe dhaifu. Bakteria yule ana ukuta, nje ya ukuta ana ngozi, na katikati kuna kitu kinachoshikanisha viwili hivyo, kama saruji. Miaka mitatu Matofali anatafuta namna ya kuitoa saruji ile bila kumuua mdudu. Akaipata. Mdudu anaishi, lakini ngozi inamcheza. Dawa ambazo zilikuwa zinagonga nje na kurudi, zinaingia. Ukimtia kwenye maji matupu, anapasuka.

Fundi Chupa: Anapasuka.

Darubini: Ndiyo. Na kwenye sahani ya kuoteshea anaota kwa shida. Vidoa vyake, kila kimoja ukoo mzima wa wadudu, vinakuwa— Vidogo.

Fundi Chupa: Ndiyo.

Darubini: Wewe ulisema wamenawiri.

Fundi Chupa: Ndiyo, mama.

Darubini: Wamenawiri kiasi gani? Vidoa vina ukubwa gani?

Fundi Chupa: Kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Darubini: Vyote?

Fundi Chupa: Vyote. Jumatano Profesa alisema tuwajaribu kabla hujaja, ukute mambo tayari. Tukawatia kwenye maji matupu. Wakipasuka si maji yanatakata? Tukasimama mbele ya dirisha tunayatazama. Robo saa. Nusu saa. Yamebaki na ukungu uleule.

Darubini: Mmechanganya sahani. Umechukua wale wa kawaida.

Fundi Chupa: Nilitamani iwe hivyo. Nilimwambia Profesa, mzee mimi nimezeeka, nimekosea sahani, nifukuze. Akawapima. Ni wa Matofali. Pale Matofali alipokata kwenye jeni zao pamekatika vilevile. Ila wao wamejitafutia njia nyingine ya kujishikiza. Ngozi imekaza. Dawa haziingii tena. Wamejiponya.

Darubini: Hapana.

Fundi Chupa: Pole, mwanangu.

Darubini: Hapana, subiri. Hawajiponyi tu hivihivi, wote kwa mpigo. Ulikuwa unawahamisha vipi?

Fundi Chupa: Kila Ijumaa. Kutoka sahani kuukuu kwenda mpya, kwa ule waya, nauchoma kwanza kwenye moto kama alivyonifundisha yeye. Sijakosa Ijumaa hata moja. Wiki niliyomzika dada yangu, nilipitia hapa kwanza ndipo nikaenda makaburini—

Darubini: Sikuulizi siku, Mjomba. Nakuuliza vidoa. Ulikuwa unachukua vidoa gani?

Fundi Chupa: Vizuri.

Darubini: Vizuri vipi?

Fundi Chupa: Vilivyonenepa.

Darubini: Oh, Mjomba.

Fundi Chupa: Nilikuwa nachagua vilivyonenepa. Kama mtu anavyochagua mbegu. Nani anapanda mbegu iliyosinyaa? Nilisema wa kijana yule wasinifie mikononi. Kila wiki natafuta aliyejitahidi kidogo kuliko wenzake, namchukua huyo. Miezi saba wananisumbua, wanyonge, wanaota kwa kuombewa. Halafu Ijumaa moja nafunua, wamejaa! Nilicheza, mwanangu. Na magoti haya. Ndipo nikakupigia.

Darubini: Waliosinyaa ndio walikuwa wake.

Fundi Chupa: Sasa najua.

Darubini: Walionenepa ndio walikuwa wanaanza kujiponya. Kila Ijumaa ulikuwa unawatupa wake, unabakiza—

Fundi Chupa: Najua! Najua, mama. Profesa amenieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, wala hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Darubini: [mtandao unakwaruza] —kwa nini? Haloo? Nimesema kwa nini hukuwagandisha? Friji la baridi kali liko palepale! Ungewatia mle wiki ya kwanza wangekaa miaka ishirini bila kubadilika hata unywele!

Fundi Chupa: Sahihi haikuwepo. Si ndiyo sheria ya kikundi? Hakuna kugandisha mpaka mwenzako akague kwa macho yake, aandike "nimeona", atie sahihi. Tangu ile mara tulipokuta boksi zima lina vibandiko vya uongo, Profesa aliapa. Baada ya mazishi nilifungua daftari. Mstari wa Matofali upo, na mwandiko wake ule wa kukimbizwa na mbwa. Mtengenezaji, kajaza. Tarehe, kajaza, ile Ijumaa yake ya mwisho. Mkaguzi, patupu.

Darubini: Ndiyo.

Fundi Chupa: Mimi ni fundi, sahihi yangu haihesabiki humo. Na mkaguzi wake ulikuwa wewe. Sasa nikupigieje simu? Upo msibani, umekaa chini, nikuambie inuka uje utazame sahani? Nikasema aah, ngoja atulie. Nitamshikia mpaka atulie. Mara tukasikia una mimba. Nikasema ngoja ajifungue. Sikumwuliza hata Profesa. Nilijiona najua.

Darubini: Ungenipigia.

Fundi Chupa: Ningekupigia. Dakika tano tu, ungekuja, ungetazama, ungeondoka. Heshima yangu ndiyo imetuponza. Na dhambi nyingine nikuungamie kabisa. Nilimlaumu marehemu. Nilisema kijana huyu mzembe, mke anakaa meza ya pili tu, kashindwa kumpelekea sahani akague. Kasahau.

Darubini: Hakusahau.

Fundi Chupa: Eh? Umekatika.

Darubini: Hakusahau, Mjomba. Aliileta.

Fundi Chupa: Aliileta?

Darubini: Ijumaa ile, saa kumi. Akaja na sahani mpaka mezani kwangu, kaishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mke wangu, nikagulie." Mnaniita Darubini, eti hakuna kinachonipita. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, Jumatatu.

Fundi Chupa: Kazi zilikuwa zimekubana.

Darubini: Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa nimeandika tarehe kwenye karatasi, naipitishia kalamu juu yake, tarehe hiyohiyo moja, mpaka karatasi ikatoboka. Nilikuwa nimenuna.

Fundi Chupa: Kwa lipi?

Darubini: Ndimu.

Fundi Chupa: Ndimu?

Darubini: Mimba ilikuwa changa, hatujamwambia mtu, kichefuchefu kinaniua. Alhamisi nilimtuma ndimu. Nikamwambia, tafadhali, hii usisahau. Akarudi mikono mitupu, anacheka peke yake mlangoni, "Wameota! Mke wangu, wameota!" Wadudu wake. Nami nikajisemea, huyu mtu anawapenda wadudu kuliko— ah. Upuuzi, Mjomba. Upuuzi mtupu.

Fundi Chupa: Si upuuzi. Ni mambo ya mume na mke. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana.

Darubini: Vingine vikigongana vinavunjika. Usiku ule tulilala kila mtu na ukuta wake. Jumamosi asubuhi akavaa viatu, akatoka. Sikumwuliza anakwenda wapi. Nilikuwa macho, nikajifanya nimelala.

Fundi Chupa: Mwanangu.

Darubini: Mpaka walipokuja kugonga mlango kusema kuna gari limemgonga.

Fundi Chupa: Zile nguo zake tulizokabidhiwa hospitali, mimi ndiye niliyezibeba. Mfuko wa suruali ulikuwa na—

Darubini: Ndimu. Najua. Mimi ndiye niliyeufungua.

Fundi Chupa: Basi. Basi, mama. Nisamehe.

Darubini: Unadhani nilikuwa nakuja kufuata shahada? Shahada nitaifanyia nini? Nilikuwa nakuja kutia sahihi. Nilikuwa nifike Jumatatu, koti sijafunga hata kifungo, nichukue sahani niinue kichwa niwatazame, nitie sahihi. Jambo moja tu. Mwaka mzima naamka kwa ajili ya jambo hilo moja. Nikishalifanya ndipo nianze na mimi kuwa mjane kama wajane wengine, nilie kilio cha kawaida.

Fundi Chupa: Nami nimekunyima hata hilo.

Darubini: Si wewe.

Fundi Chupa: Ni mimi! Miezi saba walikuwa wapo, wake halisi, nimewashika mkononi nikawamwaga mwenyewe—

Darubini: Wewe uliwalea. Mimi niliwanyima jicho. Lawama hii usininyang'anye, Mjomba, nina haki nayo kuliko wewe.

Fundi Chupa: [anapenga kamasi] Tazama tunavyogombania. Kama kuna zawadi.

Darubini: [kicheko kinakatika, analia]

Fundi Chupa: Lia. Lia, nipo. [kilio kinatulia] Profesa anasema wanaweza kutengenezwa upya.

Darubini: Na nani?

Fundi Chupa: Na wewe. Mwaka na nusu, anasema, pengine miwili. Maandishi ya Matofali yote yapo.

Darubini: Watakuwa wangu. Hawatakuwa wake.

Fundi Chupa: Sasa sikiliza nikuambie, na usinijibu haraka. Daftari ninalo hapa. Tangu Jumatano natembea nalo kwapani kama mwizi. Njoo Jumatatu, nitakufungulia ukurasa, utatia sahihi yako na tarehe ileile ya mwaka jana. Mimi sitasema. Profesa akiona, atageuka upande wa pili. Hakuna atakayedhurika.

Darubini: Mkaguzi anaandika "nimeona". Nimeona nini?

Fundi Chupa: Mwanangu—

Darubini: Nimeona nini, Mjomba? Alisimama mbele yangu nao, na sikuwaona. Wewe uliwaona?

Fundi Chupa: Wale wa kwanza kabisa? Niliwaona. Sahani yake yeye mwenyewe.

Darubini: Walikuwaje?

Fundi Chupa: Unataka kweli?

Darubini: Niambie walivyokuwa.

Fundi Chupa: Walikuwa wadogo. Siku ya kwanza nilidhani sahani tupu, nikataka kuitupa. Mpaka uiinamishe dirishani, mwanga upite ubavuni, ndipo unawaona. Wanang'aa. Kama— unamjua mtoto akilala na joto, kile kijasho kinachotoka juu ya pua?

Darubini: [kimya] Huyu hapa anacho sasa hivi.

Fundi Chupa: Basi ndivyo walivyokuwa. Hivyohivyo. Ukitaka kuwagusa unaogopa. Nikawahesabu, arobaini na mmoja.

Darubini: Arobaini na mmoja.

Fundi Chupa: Nilirudia mara mbili. Na chini ya sahani ameandika jina lake na lako, na mshale mdogo unaotoka kwake kuja kwako. Wa kukuletea ukague, nadhani.

Darubini: [analia] Sahani yenyewe iko wapi?

Fundi Chupa: Ilikauka, mama. Sahani zikikauka tunachoma. Ndiyo kazi yangu.

Darubini: Ndiyo. Ndiyo kazi. [mtandao unakwaruza] —kalamu?

Fundi Chupa: Nini?

Darubini: Una kalamu?

Fundi Chupa: Ipo.

Darubini: Fungua mstari wake. Pembeni kabisa, andika ulichokiona.

Fundi Chupa: Mimi? Fundi haruhusiwi kuandika humo.

Darubini: Uliwaona au hukuwaona?

Fundi Chupa: Niliwaona.

Darubini: Basi andika. Hilo ni kweli, nataka liwemo.

Fundi Chupa: Ngoja niweke daftari gotini. Ngoja... [kalamu inakwaruza] Haya. "Waliota. Wadogo. Arobaini na mmoja. Niliwaona kwa macho yangu, Fundi." Hati yangu mbaya.

Darubini: Inatosha. Sasa nafasi ya mkaguzi.

Fundi Chupa: Patupu. Ninakuachia.

Darubini: Usiniachie. Andika hapo: "Aliletewa, hakutazama."

Fundi Chupa: Ati nini?

Darubini: Aliletewa, hakutazama.

Fundi Chupa: Siandiki hilo.

Darubini: Ndio ukweli.

Fundi Chupa: Nakataa, mwanangu. Nimeandika nilichokiona mimi. Hilo sikuliona. Huyo mtoto siku moja atakuja kusoma hapa, afungue daftari kutafuta jina la baba yake, akutane na hayo?

Darubini: Akute nini, uongo?

Fundi Chupa: Akute patupu. Patupu si uongo.

Darubini: Mjomba, nakuomba.

Fundi Chupa: Nimekuharibia mengi kwa kukuhurumia, najua. Niongezee hili moja. Siandiki.

Darubini: Basi nitaandika mwenyewe.

Fundi Chupa: Utakuja, basi.

Darubini: Nitakuja. Simu ya mama inalia, chaji— na huyu naye kaamka. Nyamaza mwanangu, nipo! Mjomba—

Fundi Chupa: Basi linafika saa ngapi? Nitakuja kuwapokea, nitabeba mizigo—

Darubini: Saa kumi. Usije kulia mbele ya mama, hajui habari hizi.

Fundi Chupa: Sitalia. Haloo? Darubini? Na daftari nije nalo?

Darubini: Njoo nalo.